Kabla hujatuma hela ya bodi, fungua kasha uhesabu pini

Swali: Shikamoo fundi. Nina studio ndogo ya picha na video za harusi hapa Mafinga. Natumia Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya kasha la wima, prosesa i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8. Video ikirefuka kidogo mashine inaanza kugoma. Kuna jamaa Dar anauza mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za B450, zile za prosesa za Ryzen, saizi ya microATX, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600G na RAM yake. Nikimtumia hela anapakia kwenye basi, kesho yake napokea. Nilitaka nibakize kasha na pawa saplai ya Dell ili gharama isipande. Fundi wa hapa kaniambia bodi ni bodi, skrubu zitaingia tu. Nithibitishe vipi kabla sijatuma hela?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hela ikae kwanza kwenye simu. Pawa saplai ya hiyo 9020 haitaiwasha bodi ya B450, na hapo hakuna ujanja wa kufanyia mezani. Kasha linaweza kukubali au kukataa, na hilo utalipima mwenyewe kwa karatasi kabla hujalipa hata shilingi. Fundi wako hajakosea kabisa kuhusu skrubu, ila ameanzia mahali ambapo tatizo ni dogo.

Fungua ubavu wa kasha uangalie nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye bodi. Kompyuta za kuunganisha mwenyewe hufuata muundo wa ATX, ambao Intel waliutoa mwaka 1995. Tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2003, bodi hupokea umeme kwa plagi pana ya pini 24, yaani safu mbili za pini 12, na plagi nyingine ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Kwako utakuta plagi kuu ina pini 8 tu. Dell walifanya hivyo kwenye ndugu wengi wa 9020 wa miaka ile. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6, na ThinkCentre nyingi za Lenovo za kizazi hicho zina pini 14. Mashine za aina hii ndizo zimejaa kwenye maduka ya mtumba kuanzia Kariakoo mpaka Mwanjelwa kule Mbeya, kwa hiyo swali lako ni la watu wengi.

Ingekuwa tofauti ni ya umbo la plagi peke yake, tungeiungaunga. Lakini plagi ya pini 24 huleta volti kuu za aina tatu: 12 kwa waya wa njano, 5 kwa mwekundu na 3.3 kwa wa rangi ya chungwa. Juu ya hizo kuna waya wa zambarau unaoleta volti 5 muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, na huo ndio unaokipa uhai kitufe cha kuwashia. Pawa saplai ya Dell yako inatoa volti 12 na umeme mdogo wa kusubiri ambao nao si volti 5. Zile 5 na 3.3 zinatengenezwa na bodi yenyewe ya Dell. Ndiyo sababu ukiufuatilia waya unaolisha diski yako utakuta unatokea kwenye bodi, wakati kwenye kompyuta za kuunganisha hutokea moja kwa moja kwenye pawa saplai. Ukiiondoa bodi ya Dell, umeondoa na nusu ya mfumo wa umeme.

Utaona mtandaoni kebo fupi yenye pini 24 upande mmoja na pini 8 upande wa pili, na muuzaji atakwambia ndiyo dawa. Angalia inaelekea wapi. Kebo hiyo huchukua umeme wa pawa saplai ya kawaida na kuupeleka kwenye bodi ya Dell. Ni kifaa halali, na kinamsaidia mtu ambaye pawa saplai ya Dell imemfia. Wewe unataka safari ya kinyume. Waya hauwezi kutoa volti ambazo hazipo kwenye chanzo, hata ukatwe na kuunganishwa namna gani.

Kwa hiyo kwenye bajeti yako ongeza pawa saplai. Hilo tumelimaliza, tuje kwenye kasha, ambako kuna kazi zaidi.

Saizi za bodi zinajulikana. ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Lakini hiyo 244 ya microATX ni kikomo. Bodi za B450 za bei nafuu mara nyingi ni nyembamba zaidi, nyingine upana wake haufiki milimita 200, na zikiwa nyembamba zinapoteza safu ya mwisho ya matundu ya skrubu. Matokeo yake ni kwamba ukingo ule ambako plagi ya pini 24 inachomekwa unabaki unaning'inia bila kitu chini, na plagi hiyo inataka nguvu ya mkono. Ukibonyeza huku bodi inapinda, weka kidole chini ya ukingo uushikilie. Hili halizuii kununua, ila ulijue mapema.

Sasa karatasi. Wewe una printa na unajua kazi ya picha, kwa hiyo hapa umewazidi wengi. Mwambie muuzaji apige picha ya bodi kutoka juu kabisa, asimame mbali kidogo na avute kwa zumu ili pembe zisipinde, na aweke rula pembeni ya bodi. Ipanue picha mpaka milimita za kwenye rula zilingane na rula yako halisi, kisha ichape. A4 ina upana wa milimita 210, kwa hiyo chapa vipande viwili uviunge kwa gundi. Kata kufuata ukingo wa bodi, toboa matundu ya skrubu kwa pini, na una bodi ya karatasi mkononi. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya namna hiyo mimi simtumii hela, ila huo ni msimamo wangu.

Chomoa umeme, piga picha kila waya ulivyo kwenye bodi ya Dell, kisha itoe bodi. Laza karatasi yako, upande wa matundu ya USB na skrini ukiwa umegusa ukuta wa nyuma wa kasha. Kila tundu la karatasi litazame chini kama lina kinguzo cha kufungia skrubu. Ukikuta matundu manne au matano yameoana yakiwemo ya pembeni, bodi itakaa.

Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: tafuta vinguzo ambavyo havina tundu juu yake. Hivyo ndivyo vinavyoua. Chini ya bodi kumejaa nundu za risasi ya kulehemu, kila moja ina umeme wake, na kinguzo cha chuma kikigusa mbili kati ya hizo, au kikaipeleka hata moja kwenye bati la kasha, umepiga shoti. Kwenye kasha la kawaida vinguzo ni vya kufungua kwa mkono na kuhamisha. Kwenye makasha mengi ya Dell na HP ni vimbe zilizofinyangwa kwenye bati lenyewe, hazifunguki. Watu huzifunika kwa selotepu nyeusi ya umeme na kuendelea. Siikubali kazi hiyo: gundi ya selotepu hulainika kwa joto, nundu za risasi zina ncha, na siku itakapotoboka utakuwa katikati ya video ya mteja. Kukata vimbe kwa grainda inawezekana, mradi kasha liwe tupu kabisa na chenga za chuma zisafishwe zote.

Ukuta wa nyuma nao una neno. Bodi za kawaida huja na bati dogo lenye matundu ya milango yake, linalopachikwa kwenye uwazi wa milimita 158.75 kwa 44.45. Pima uwazi wa kasha lako. Kama bati la Dell linachomoka na uwazi unalingana, vizuri. Kama matundu yamekatwa kwenye kasha lenyewe, milango ya B450 haitaoana nayo na itabidi ukate bati. Fundi wa mabati atakukatia, na utapata uwazi wenye kingo kali usio na kizuizi. Kwa Mafinga, ambako vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye kabati la nguo, mimi uwazi wa namna hiyo nauogopa kuliko hata ubaya wa sura yake.

Mbele ya kasha kuna kitufe cha kuwashia, taa, USB na soketi za sauti. Bodi ya kawaida ina pini ndogondogo zenye maandishi kuonyesha kitufe kinakaa wapi na taa inakaa wapi. Dell hufunga nyaya hizo kwenye plagi yake moja isiyoingia kwenye pini hizo. Kitufe si tatizo: ni nyaya mbili zinazogusana unapobonyeza, utazipata kwa kupima na mita ya umeme huku mwenzako anabonyeza, na hata ukizigeuza hakuna madhara. Taa ina upande chanya na hasi. Ukiigeuza haiwaki tu. USB za mbele ni jambo jingine. Moja ya nyaya zake inabeba volti 5, na ukikosea mahali pa kuiweka unaunguza fleshi ya mtu au bodi yenyewe. Kwa studio, ambako unachomeka memori kadi za wateja kutwa nzima, sikushauri ubahatishe. Ziache bila kuunganishwa, utumie za nyuma.

Sasa ukijumlisha pawa saplai mpya, saa kadhaa za kukata na kupima, na USB za mbele zilizokufa, unaona ninakoelekea. Kasha la kawaida la ATX linalokubali microATX ndilo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yako. Linunue. Hiyo 9020 iache nzima, ikae mapokezi kwa kazi za kuchapa, au iuze ikiwa inawaka. Dell inayowaka ina wateja. Kasha la Dell lisilo na bodi halina mteja.

Kwenye pawa saplai ndiko hela nyingi hupotea, hasa kwa zile zinazokuja bure ndani ya kasha. Usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tafuta jedwali dogo kwenye lebo, uone mstari wa volti 12, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Ukikuta boksi limeandikwa wati 500 na mstari wa volti 12 una ampea 16, umepata wati 192. Hizo ndizo zako kwa prosesa na kadi ya picha (graphics card, si memori kadi), kwa sababu kompyuta ya leo inakula karibu kila kitu kutoka kwenye volti 12. Zilizobaki zimegawanywa kwenye volti 5 na 3.3, kama ilivyofaa kompyuta za miaka ya tisini. Kama kuna mistari miwili ya volti 12, tuseme ampea 14 na ampea 15, usiijumlishe kichwani ukapata 29. Chini yake kawaida huandikwa wati ambazo mistari yote inaweza kutoa kwa pamoja, na hiyo ndiyo namba ya kuamini.

Hesabu yako ni nyepesi. Ryzen 5 5600G imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi huvuta hadi 88. Bodi, RAM, SSD, diski kubwa na feni, weka 50 kwa ukarimu. Ukija kuongeza kadi ya picha isiyohitaji waya wake, kama GTX 1650 za aina hiyo, ni 75 zaidi, maana ndicho kiwango cha juu tundu la bodi linachoruhusiwa kutoa. Tunafika wati 213. Pawa saplai halisi ya wati 450, ambayo kawaida hutoa zaidi ya ampea 30 kwenye volti 12, itafanya kazi hiyo bila kutoa jasho. Ukija kutamani kadi ya RTX 3060 siku moja, hiyo peke yake ni wati 170 na inataka waya wa umeme wake, kwa hiyo hapo anzia 550. Nembo ya 80 PLUS ni dalili nzuri, lakini inazungumzia kiasi cha umeme kinachopotea kuwa joto, haisemi kama mashine itanusurika umeme ukiyumba. Nembo ni rahisi kuchapwa na yeyote. Waendeshaji wa mpango huo wana orodha ya modeli zilizopimwa, itafute yako humo.

Umbo la pawa saplai nalo liangalie. Ya ATX ni milimita 150 kwa 86, na urefu wa 140 au zaidi. Makasha membamba hutumia TFX, ndefu na nyembamba kama tofali la kuchoma, na yale madogo ya mraba hutumia SFX. Hazibadilishani.

Ukipata pawa saplai ya mtumba, geuza nyuma uone kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka nchi yenye umeme wa volti 115 inaweza kuja na swichi upande wa 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja na habari itaishia hapo. Zisizo na swichi kabisa na zimeandikwa 100 hadi 240 hazina shida hiyo. Na soketi ya ukutani iwe na ethi ya kweli: kama unagusa kasha na kuhisi kutekenywa kwenye vidole, ethi haipo, mwite fundi umeme kabla ya kitu kingine.

Plagi ya karibu na prosesa huwatisha wengi bila sababu. Bodi ikiwa na soketi ya pini 8 na pawa saplai ina pini 4 tu, kwa prosesa ya wati 88 itawaka na kufanya kazi; hata hivyo ukinunua mpya chukua yenye 4+4, yaani plagi mbili za pini 4 zinazoungana kuwa 8. Hatari iko kwingine: waya wa kadi ya picha nao unaweza kuwa na pini 8, unafanana kwa mbali, lakini volti 12 na hasi zimekaa pande tofauti. Umbo la pini limetengenezwa kukataa. Plagi ikigoma kuingia, usiilazimishe, soma maandishi yake. Na kama pawa saplai ni ya nyaya zinazochomoka, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa bodi umesanifiwa sawa kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila kiwanda kinapanga kivyake, na waya wa kuazima unaingia vizuri kabisa huku ukipeleka volti 12 mahali pa 5. Diski zenye kazi za watu zimekufa hivyo.

Kama baada ya hesabu yote hela haitoshi kasha, pawa saplai na bodi kwa pamoja, kuna njia ambayo haigusi bodi. Hiyo 9020 ya wima inakubali RAM ya DDR3 hadi GB 32. Weka SSD kama bado, panda mpaka GB 16 au zaidi, na tafuta i7-4770 au 4790 ya mtumba, ambayo inakaa kwenye soketi hiyohiyo na ina wati 84 sawa na i5 nyingi za kizazi chako. GTX 1650 isiyo na soketi ya waya itabebwa na pawa saplai yako ya wati 290, ila zipo zenye soketi ya pini 6, hizo ziache, na pima urefu wa kadi kabla. Kadi hiyo itabeba kazi ya kutoa video ya mwisho, ambayo nadhani ndiyo inayokugomea. Mimi ningekuwa na studio yako na msimu wa harusi unakaribia, ningeanza hapa, kisha ningejenga mashine mpya taratibu.

Ukiamua kuendelea na B450, mambo machache ya mwisho. RAM ya Dell yako ni DDR3, haiingii, kwa hiyo hakikisha RAM anayouza ni DDR4. Windows iliyokuja na Dell imefungwa kwenye bodi ya Dell, usiihesabu. Bodi za B450 zilitoka kabla ya 5600G, na zenye BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) ya zamani haziitambui prosesa hiyo. Mwambie muuzaji aisasishe kwanza, kisha akutumie video ikiwaka mpaka ukurasa wa BIOS unaoonyesha jina la prosesa. Prosesa za soketi ya AM4, kama hiyo 5600G, zina pini chini yake na zinapinda kwa kuguswa tu, kwa hiyo isafiri ikiwa imefungwa kwenye soketi ya bodi, feni imetolewa, bodi ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na boksi gumu. Kabla hajaifunga, akupigie picha ya hizo pini kwa karibu.